Namba Ishirini na Tatu

Ukifuata kitabu cha mahudhurio, wanafunzi wa Gredi ya Sita katika shule moja ya mtaa wa Kibomet, mjini Kitale, walikuwa watoto wa ajabu. Hawakuchelewa hata siku moja. Mvua inyeshe, matope yafike vifundoni, mtu atumwe maziwa asubuhi na kukuta foleni, kitabu kilisema kwamba wote arobaini walikuwa wameketi darasani kengele ilipolia. Siri ya ajabu hiyo ilikuwa msichana mmoja aliyeitwa Nyaguthii.

Mwalimu wao, Bwana Gichuki, hakuwa na desturi ya kuita majina. Aliwapa wanafunzi namba tangu mwanzo wa mwaka, na kila asubuhi wakajihesabu kwa zamu, moja, mbili, tatu, huku macho yake yakiwa kitabuni. Nyaguthii alikuwa na kipaji cha kuiga sauti. Aliweza kukwaruza koo kama Munene na kuburuta maneno kama Kui aliyeamshwa kwa nguvu. Lakini aliyemwiga vizuri kuliko wote ni Fridah, rafiki yake mkubwa, aliyetoka Kabuchai kule Bungoma kuja kuishi na shangazi yake, na ambaye alizoea kuweka l mahali pa r. Fridah akichelewa, Nyaguthii alisema namba yake mwenyewe, ishirini na mbili, kisha akageuza sauti na kusema, "Ishilini na tatu." Wenzake walibana vicheko. Wao waliita jambo hilo kuitikiana, na hakuna aliyeliona kuwa uongo. Tena aliyekataa kumwitikia mwenzake ndiye aliyesemwa kuwa ana roho mbaya.

Ijumaa moja mwezi wa Juni, darasa lote lilikwenda kuzuru hifadhi ya msitu iliyo juu ya Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mama yake Nyaguthii alimfungia chapati mbili na mayai ya kuchemsha, akamsihi asirudi na habari mbaya. Basi la shule lilipita Kiminini na Kamukuywa, likakata kona kuelekea Kimilili, kisha likaanza kupanda barabara ya mlimani polepole, huku pikipiki zikishuka kwa kasi ya kutisha na magunia ya vitunguu.

Njiani Fridah hakuimba na wenzake. Alimweleza Nyaguthii habari za kukhu, yaani nyanya yake, aliyebaki Kabuchai. Tangu msimu wa kupanda mahindi mgongo ulikuwa unamsumbua. Alikuwa hawezi kuinama kuwasha moto, na usiku alilala ameketi. Majirani walimwambia kuna mti huko mlimani ambao magome yake yakichemshwa hutoa dawa ya mgongo. Fridah alifungua mkebe wake wa penseli kidogo tu, akamwonyesha wembe. Nyaguthii alicheka akidhani ni maneno ya safarini.

Langoni walipokewa na askari wa wanyamapori aliyevaa sare ya kijani na buti zilizojaa matope makavu. Alijitambulisha kwa jina la Bi. Chepkemei. Alikuwa mwembamba, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba ilibidi wanyamaze ili wamsikie. Aliwaeleza kanuni. Hakuna kuchuma hata jani, hakuna kutoka kwenye njia, hakuna kelele. Kisha akasema kwamba msitu ni mnene na njia ya kwenda pangoni ina kona nyingi, hivyo akiwa mbele hangeweza kuuona mkia wa mstari. Kila akipuliza filimbi mara mbili wangesimama na kujihesabu. Mwalimu Gichuki alifurahi, akamwambia kwamba watoto wake ni mabingwa wa kujihesabu, na kila mmoja ana namba yake tayari.

Wakaingia. Kwa muda Nyaguthii alisahau kila kitu. Miti ilikuwa mirefu hadi shingo zikauma kwa kuitazama, na mashina yake yalivaa kuvu na majani madogo kama sweta. Mbega weusi wenye mikia mieupe waliruka juu yao, wakiwamwagia matone ya maji. Hewa ilikuwa baridi na yenye harufu ya udongo mbichi. Bi. Chepkemei alijua kila mlio. Alisimama, akanyoosha kidole, na pale ambapo wao waliona majani matupu akawaonyesha ndege mwenye mbawa nyekundu.

Baada ya nusu saa walifika penye mti mmoja mkubwa ambao magome yake yalikuwa yamechunwa pande zote kuanzia chini hadi kimo cha mtu. Majani yake yalikuwa yamekauka. Bi. Chepkemei aliwaambia kwamba ni mti wa dawa, na kwamba watu huja kuuchuna kwa siri. Kila mmoja hujiambia kwamba kipande chake ni kidogo. Mti ukishavuliwa hivyo hauponi. Wanafunzi walikusanyika kuushika, na mstari ukavunjika.

Ng'ambo ya njia palikuwa na mti mwingine wa aina ileile, mzima. Fridah alimvuta Nyaguthii mkono.

"Ndio huo," alinong'ona. "Nitakata kidogo tu, halaka. Wewe uniitikie. Nitawapata kabla hamjafika kwa pango."

"Madam amesema tusitoke kwa njia."

"Dakika tano tu, Nyaguthii. Kukhu analala akikaa. Si kila siku unaniitikia?"

Ni kweli, alimwitikia kila siku. Mwalimu Gichuki, aliyekuwa akilinda mkia wa mstari, alikuwa ameinama akimsaidia mtoto mmoja kuchomoa kiatu kwenye tope. Fridah aliruka kichaka na kutoweka. Wenzake waliendelea kuushika mti kwa dakika chache, wakajipanga tena, ndipo filimbi ikalia mara mbili. Hesabu ilianza mbele kule kwenye kona, ikaja ikishuka kama maji kwenye mfereji, hadi ikamfikia.

"Ishirini na mbili," alisema Nyaguthii. Kisha akageuza sauti. "Ishilini na tatu."

Munene, aliyekuwa namba ishirini na nne, alimtazama, akatabasamu, akaendelea. Hesabu ilifika arobaini na mstari ukasogea.

Nyaguthii alitembea akigeuka nyuma kila hatua chache. Dakika tano zilipita, zikapita kumi. Kijito kilikuwa kikinguruma kando ya njia, na wenzake walikuwa wakiulizana kuhusu mbega, hivyo hakusikia chochote kingine. Alijiambia kwamba Fridah yuko kwenye kona ya nyuma. Kwenye kona iliyofuata alijiambia hivyo tena.

Pango lilikuwa na mdomo mpana wenye pazia la mimea inayoning'inia. Walipoingia, filimbi ililia tena. Angeweza kusema wakati ule. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwa Mwalimu Gichuki. Lakini kusema sasa kulimaanisha kueleza na ile ya kwanza, kisha kueleza asubuhi zote za mwaka mzima. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya mazingira, na mwalimu alikuwa ameonya kwamba yeyote atakayeharibu ziara hii ndiye atakayesababisha wenzake wasitoke tena. Namba zilizidi kukaribia. Akasema ya kwake, na kwa sababu ya kwanza ilikuwa imeshamtoka kinywani, akaongeza na ya Fridah.

Bi. Chepkemei aliwaongoza hadi ndani na kuwamulikia ukuta. Ulijaa mikwaruzo mirefu, mingine mipana kuliko kiganja. Alieleza kwamba mawe yale yana chumvi, na ndovu huingia humo kuyakwangua kwa pembe zao ili wayalambe. Mtoto mmoja aliuliza kama wanaweza kuja sasa. Alijibu kwamba kwa kawaida hupenda giza, ila siku za mvua huja wakati wowote wapendao.

Mvua ilianza bado wakicheka jibu hilo. Ilinyesha kwa kishindo, na mdomo wa pango ukawa na ukuta wa maji. Bi. Chepkemei aliinua mkono ghafla, akazima tochi. Nyuma ya ukuta ule wa maji kulikuwa na kivuli kikubwa, kisha kingine. Ndovu watano walikuwa wamesimama kwenye mdomo wa pango, mmoja wao akiwa na mtoto chini ya tumbo lake.

Hakuna aliyeambiwa anyamaze. Bi. Chepkemei aliwasogeza wote nyuma ya jabali kubwa lililoanguka kutoka darini, akawaketisha wakiwa wamebanana magoti kwa magoti. Aliwanong'oneza kwamba ndovu mwenye mtoto hataki mzaha, lakini wakikaa kimya hapo walipo wako salama, na wanyama wataondoka wakishatosheka. Inaweza kuwa baada ya nusu saa, au saa mbili. Halafu akamgeukia Mwalimu Gichuki.

"La muhimu ni kwamba watoto wote wako ndani," alisema.

Nyaguthii alilisikia neno hilo likimchoma. Wote hawakuwa ndani. Ndovu walikuwa wametoka upande uleule wa njia waliyopitia wao, upande wa ule mti. Fridah alikuwa huko peke yake mvuani, na katika dunia nzima hakuna mtu mzima hata mmoja aliyejua. Aliyejua mahali alipo alikuwa yeye.

Pango lilinuka popo na samadi. Maji yalidondoka shingoni mwake naye hakuthubutu kujifuta. Mbele walikuwa ndovu, nyuma ukuta wa mawe, na kifuani mwake alikuwa na namba ambayo hakuweza kuimeza wala kuitema. Alitamani mtu amuulize. Alitamani pia wasimuulize kamwe. Alimsogelea Munene sikioni, akamuuliza kama Fridah anaweza kuwa amerudi kwa basi.

"Ako kwa basi, bana," Munene alinong'ona. "Wewe nyamaza. Ukisema, sisi wote tumeisha. Hata mimi nilisikia nikanyamaza."

Nyaguthii alijaribu kuamini. Aliwaza Fridah akiwa ameketi kwenye kiti cha basi, akila mayai, akiwacheka. Picha hiyo haikukaa. Kila mara ilikatwa na miguu ya ndovu ikiburuta mawe. Mmoja wao alikuwa ameingia na kuanza kukwangua ukuta, na sauti ile ilipita kwenye meno ya watoto wote. Kui alikuwa akilia bila sauti. Mwalimu Gichuki alifunga macho, midomo ikichezacheza kwa sala.

Ilipokaribia kuwa saa nzima, Bi. Chepkemei aliona kwamba gizani watoto wameanza kusogea ovyo kwa woga. Hakuweza kupuliza filimbi. Aliwanong'oneza wajihesabu tena, kwa sauti ya chini kabisa, kila mmoja akimgusa bega anayefuata.

Moja. Mbili. Tatu. Namba zilipita kutoka kinywa hadi kinywa kama pumzi. Nyaguthii alizisikia zikija. Kumi na tisa. Ishirini. Kui akasema yake, akamgusa bega.

"Ishirini na mbili," alinong'ona.

Kisha akakaa kimya. Munene alimfinya pajani. Alimfinya tena, kwa nguvu zaidi, na Nyaguthii akauma midomo. Kimya kilikuwa kizito hata akadhani ndovu nao wamekisikia.

"Ishirini na tatu," aliita Bi. Chepkemei polepole. "Ishirini na tatu yuko wapi?"

"Hayuko," alisema Nyaguthii. "Hajaingia, Madam. Ni mimi nilikuwa namwitikia."

Alingoja akaripiwe. Alitaka hata akaripiwe. Badala yake Bi. Chepkemei alikuja akitambaa hadi karibu naye, akaweka uso wake mbele ya uso wa Nyaguthii.

"Sitaki kujua kwa nini," alisema. "Niambie wapi."

Nyaguthii alieleza yote bila kuficha kitu. Alitaja ule mti mzima ng'ambo ya njia, upande wa kushoto, mahali mtoto aliponasa kiatu topeni. Alitaja wembe. Alitaja kwamba ilikuwa kabla ya mvua, robo saa kabla ya pango. Maneno yalimtoka mbiombio, na kila moja lilipotoka alihisi afadhali na pia alihisi aibu zaidi.

Simu ya upepo ya Bi. Chepkemei haikushika mawimbi mle ndani. Ili ishike, ilimbidi asogee karibu na mdomo wa pango, karibu na wanyama. Alivua kofia, akamwambia Mwalimu Gichuki asimruhusu mtu kuinuka hata akisikia nini, kisha akaenda akiambaa ukutani, hatua kwa hatua. Watoto waliona umbo lake dhidi ya mwanga wa mvua. Ndovu mkubwa aligeuza kichwa na kupanua masikio. Bi. Chepkemei alisimama pale bila kutikisika kwa muda ambao Nyaguthii aliona hauishi. Akiumia huyu, alifikiri, nimemuumiza mimi. Kisha masikio yakashuka, na askari yule akainua simu kinywani.

Alipomaliza hakurudi. Alichuchumaa palepale akingoja jibu. Mwalimu Gichuki alimsogelea Nyaguthii, akaketi kando yake.

Jibu lilikuja mvua ilipopungua. Askari wa langoni, Afande Wakoli, alikuwa amepita njia ya juu na kumpata Fridah. Alikuwa hai. Bi. Chepkemei aliwageukia na kuinua kidole gumba, na Nyaguthii akaficha uso magotini na kulia. Ndovu waliondoka wakati wao ulipofika, mmoja baada ya mwingine, wakiwa hawana habari na yeyote.

Walimkuta Fridah ofisini langoni, amefunikwa blanketi, mguu wake umewekwa juu ya kiti. Kifundo kilikuwa kimevimba, na kukizunguka palikuwa na mstari mwekundu uliokata ngozi. Afande Wakoli alikuwa ameweka waya mezani. Ulikuwa mtego wa majangili wa kunasia paa, uliofungwa kwenye mzizi wa ule mti. Fridah alikuwa amekata kipande cha gome kinachotosha kiganjani, akarudi nyuma hatua moja, na waya ukamkamata. Kila alipovuta, ndivyo ulivyozidi kukaza.

Mwalimu Gichuki alimuuliza kwa nini hakupiga kelele, maana wakati huo walikuwa karibu.

"Niliogopa, Mwalimu. Nilikuwa na gome kwa mkono," Fridah alisema. "Nikasikia filimbi. Nikaona ni afadhali ningoje. Wakifika kwa namba yangu, watakuta niko kimya, watakuja kunitafuta."

Alimtazama Nyaguthii. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Halafu nikasikia sauti yangu. Nikasikia nimeitika. Mkaenda. Hapo ndipo nilianza kupiga kelele, lakini hakuna mtu alisikia. Ndovu walipita kalibu na mimi, nikalala chini kama maiti."

Munene alitazama viatu vyake.

Mwalimu Gichuki ndiye aliyeanza kusema. Alisema kwamba naye ana kosa lake, kwa kuwa mwaka mzima amekuwa akihesabu sauti badala ya watoto. Kuanzia Jumatatu ataita jina na kumtazama mtu usoni. Nyaguthii atauacha uenyekiti wa klabu, na jioni hiyohiyo wataandamana naye hadi kwa shangazi yake Fridah, akaeleze mwenyewe kilichotokea. Kuhusu kukhu, aliahidi kuzungumza na shangazi ili mgonjwa apelekwe hospitalini Bungoma akaangaliwe mgongo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyejua gome lile lingemfanya nini mwanamke mzee.

Bi. Chepkemei alikuwa amesimama mlangoni, sare yake ikidondosha maji. Alikuja akapiga goti, akaweka uso wake mbele ya uso wa Nyaguthii, kama alivyofanya pangoni.

"Nikihesabu msituni, siwatafuti waliopo," alisema. "Waliopo nawasikia. Mimi namtafuta asiyekuwepo. Kimya chake ndicho kinachoniambia nirudi nyuma. Wewe ulidhani unampa rafiki yako msaada, lakini ulichukua kile kimya, na hakuwa na kitu kingine. Ukimpenda mtu, usiseme uongo kwa niaba yake. Hata uongo mdogo. Siku atakapokuhitaji, huo ndio utakaomfungia mlango."

Kisha akaongeza kwa sauti ileile ya chini kwamba pale gizani, kwa kukataa kuitika, Nyaguthii alikuwa ameufungua mlango huo, na ilihitaji moyo kufanya hivyo.

Nyaguthii alikwenda kando ya kiti cha Fridah. Alimwomba msamaha, kwa sauti yake mwenyewe.

"Ni mimi nilikuomba," Fridah alisema. Alishika kifundo chake. "Lakini siku ingine, hata nikikulilia, ukatae."

Nyaguthii alimwahidi. Kisha akampa bega, na wakatembea pamoja polepole hadi kwenye basi.